Gunia la Katekista

Gaudensia, katekista wa kigango kimoja cha huko Naipingo, alirudi kutoka semina ya Ruangwa na neno la Kigiriki mdomoni. Alilirudiarudia njia nzima asije akalisahau. Jumapili akalitoa.

"Haplotes," alisema mbele ya waamini. "Mtume Paulo analitumia. Biblia yetu inasema unyofu wa moyo. Lakini padre ametueleza kwamba asili yake ni kitu kilicho kimoja tu, kisicho na tabaka la pili chini yake. Unachokiona juu ndicho kilichopo chini."

"Siyo kama magunia yetu ya korosho!" akadakia Fransisko, jirani yake, mtu asiyeweza kukaa kimya hata msibani. Kanisa zima likacheka.

Gaudensia naye, kwa kutaka kung'ara, akajibu, "Basi Mkristo ni gunia unaloweza kulimwaga juani watu wakiangalia!"

Maneno yalipomtoka tu, akakumbuka magunia yake mwenyewe. Nyumbani alikuwa na magunia sita, na katika moja, kwenye kona za chini, alikuwa ameficha korosho zilizonyeshewa na mvua ya kwanza. Hakuwa peke yake. Nusu ya kijiji walifanya hivyo, wakijua kwamba bambo la karani, kile chuma cha kuchomea gunia na kutoa sampuli, huingia katikati tu. Ujanja huo ndio uliowaponza mwaka jana. Kwenye ghala kuu la Nachingwea walikuta uozo, na mzigo wote wa kijiji ukashushwa hadi daraja la pili. Wakirudia mwaka huu, wamekwisha.

Jumatatu, kwenye chama cha msingi cha ushirika, kijiji kinakouzia korosho, foleni ilikuwa ndefu. Semeni, karani, alichoma magunia ya Gaudensia moja baada ya jingine. Yote safi.

"Hongera, Mama Katekista. Daraja la kwanza," akasema, akishika kalamu.

Hapo angeweza kwenda zake. Wengi wetu tungekwenda, tena mbio.

"Ngoja kwanza, Semeni." Alitandika turubai, akakata kamba, akalipindua lile gunia. Korosho zikamwagika, na za mwisho zikatoka nyeusi, zina ukungu, zinanuka.

"Kumbe hata katekista!" mtu akasema kwa nyuma.

Gaudensia aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. "Niliziweka mimi," akasema. "Kwa mikono yangu, na nilijua ninachofanya. Jana niliwafundisha kitu nisichokuwa nacho." Akapiga magoti, akaanza kuchambua.

Kisha Fransisko akatoka kwenye foleni akiburuta gunia lake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote. "Nipisheni hapo," akasema, akalimwaga. Hadija, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akamfuata, na baada yake foleni yote ikavunjika. Hadi mchana watu walikuwa wamepiga magoti juani, wanachambua pamoja, na utani umerudi.

"Shemeji, hizi zako ulizianika au ulizipika?"

"Nyamaza, tazama na zako!"

Mzigo ulipungua sana. Hakuna aliyenung'unika.

Wiki iliyofuata walipakia lori, nao wakalifuata kwa bodaboda hadi Nachingwea. Mkaguzi wa ghala kuu aliwakumbuka vizuri. Alitabasamu kwa dharau, akalipeleka bambo moja kwa moja kwenye kona za chini. Gunia la kwanza, la kumi, la hamsini. Tabasamu likamfifia, jasho likamtoka. Akaamuru mengine yafunguliwe na kumwagwa sakafuni, akayapekua mwenyewe kwa mikono.

Hatimaye akasimama, akajipangusa vumbi.

"Daraja la kwanza," akasema. "Mzigo wote."

Vigelegele vilipasua ghala. Fransisko alirusha kofia juu, wala hakujali ilikoangukia. Wanawake walimnyanyua Gaudensia juujuu, naye akalia kwa furaha mbele ya watu wote, bila kuvuta khanga kujifunika uso.