Nishani Alizopokea Kornelio

Mwenyekiti Silvano alimega tonge dogo la ugali wa jana, akalipaka kwenye mdomo wa bahasha, kisha akaukandamiza kwa dole gumba mpaka ukashika. Gundi haikuonekana kijijini tangu mwaka jana, kama sabuni na mafuta ya taa, na sukari ndiyo ilibaki ya kuhadithiwa. Kwa hiyo si ugali uliomshangaza Efrazia. Kilichomshangaza ni barua kufungwa. Barua ngapi za Silvano amekwisha kubeba, za mbolea, za kliniki, za binti yake Yudith kuanza shule? Zote zilikunjwa mara nne tu, akapewa, akaenda zake. Hii ya leo ina nini mpaka ifungwe?

"Usiifungue, Mama Yudith," Silvano alisema. "Hiyo ni ya serikali. Mpe karani mkononi mwake."

"Umeandika nini humo, mzee?"

"Nimeandika mnachotaka. Kwamba mumeo Kornelio ni mtu wetu, alikwenda Burma, mguu wake uliishia huko, asaidiwe. Haya, wahi. Orodha inafungwa leo. Mguu utapatikana, mimi nipo."

Hilo la "mimi nipo" ndilo lililozidi kumchoma Efrazia. Silvano huyu, ambaye kupata muhuri wake humfuata mara tatu, na mara ya tatu unakuta amelala, leo amekuwa wa kwanza kuamka! Wakati wa Mwingereza alikuwa jumbe, akiwatoza watu faini wasipochimba matuta. Uhuru ulipokuja, yeye ndiye aliyekuwa mbele kununua kadi ya chama, na sasa kijiji cha ujamaa kilipoandikishwa, mwenyekiti ni nani? Mtu wa namna hiyo akikuharakishia jambo, shika kitenge chako vizuri.

Efrazia aliitia barua kifuani, pamoja na kitabu cha jeshi cha mumewe kilichoviringishwa kwenye karatasi ya nailoni, akashika njia ya kuteremka Kifungilo kwenda mjini Lushoto. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Alikuwa na kapu la matunda ya plamzi kichwani, si la kuuza, la kutia karani moyo kama ingebidi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumapili mbili nyuma tangazo lilisomwa kanisani: wazee wa Keya, jeshi la Mwingereza, waliopoteza viungo katika vita vya Burma wapelekwe Tanga, wakapimwe miguu ya bandia. Ushahidi ni nishani zilizoandikwa kwenye kitabu cha jeshi. Kitabu cha Kornelio kilikuwa na kila kitu: namba yake, siku aliyoingia, siku aliyotoka, na neno kwamba hafai tena kwa kazi. Ukurasa wa nishani ulikuwa mweupe. Basi watu wa orodha wakasema, na walisema bila haya, kwamba pengine mguu huo ulikanyagwa na lori Nairobi.

Na kwa nini ukurasa ulikuwa mweupe? Hapo ndipo penye kisa. Mwaka 1948 nishani zilikuja, na wanaume saba wa kilima chao waliorudi vitani waliitwa barazani, kila mmoja aweke dole gumba kwenye kitabu apewe zake. Lakini mezani pale pale, mwezi ule ule, Bwana Shamba wa Kizungu alikuwa akiwatia watu wino wakubali matuta. Nani angeapa kwamba vitabu ni viwili? Unaweka dole upate nishani, kesho unaambiwa umetoa shamba la mama yako, au umekubali kwenda vita vingine. Wale saba walikaa kitako usiku mmoja, wakaapa: wino ule haugusi mtu. Wala hawakuugusa. Sita walikwisha kufa, na wote walizikwa wakiitwa wagoshi, wanaume kwelikweli, waliomkatalia Mzungu. Amebaki Kornelio.

"Waambie waandike kwamba nishani ni zangu, ila sikuzichukua," alimwambia mkewe alfajiri ile. "Lakini usikubali waseme nilipokea. Hilo hapana, Mama Yudith. Nitawatazamaje wenzangu huko waliko?"

Mguu wa mti aliopewa na jeshi ulioza zamani. Alichonga mwingine wa mkuyu, ukamchubua mpaka kidonda, na sasa ni mwaka wa pili hajashuka shambani. Mvua ikinyesha njia ya chooni huwa utelezi, na mtu aliyevuka mto Chindwin huko Burma chini ya risasi huiteremka kwa makalio. Efrazia hujifanya haoni. Huingia ndani akapuliza moto usiohitaji kupulizwa.

Alifika Lushoto saa tatu. Kwenye benchi la ofisi aliambiwa karani yuko kwenye kikao. Saa nne kikao kikawa chai. Saa tano na nusu dirisha lilifunguliwa, na karani Salimu, kijana wa Magoma mwenye shati la mikono mifupi, alisema "Shikamoo mama" bila kuinua uso.

"Marahaba, baba."

"Lete kitabu. Kiache hapa, njoo wiki ijayo."

"Wiki ijayo orodha imefungwa. Na kitabu sikiachi."

"Hamtuamini?"

"Mzee Paskali wa Mazinde alikiacha chake. Mpaka anazikwa anakisubiri."

Salimu aliinua uso sasa. Alikivuta kitabu taratibu, naye Efrazia akaendelea kushika ncha yake moja. Wakabaki hivyo, kitabu katikati, mpaka karani akacheka kidogo na kuomba barua.

Aliipasua, akaisoma, uso wake ukatulia kama mtu aliyeondolewa kazi ngumu. "Aa, kumbe ni rahisi. Mwenyekiti wako ameshamaliza kila kitu."

Akaiweka mezani. Efrazia alikuwa amemaliza darasa la kisomo mwaka uliopita, pale chini ya paa la ghala, na vidole vyake bado vilitembea na maneno. Aliisoma ikiwa imegeuka kichwa chini, polepole, midomo ikichezacheza: ...alipokea nishani zake zote mwaka 1948 mbele yangu, na kwa uzembe wake mwenyewe akazipoteza.

"Uongo!" alisema, na watu wa kwenye benchi wakageuka. "Hakupokea!"

"Taratibu, mama. Kuna kitabu cha kupokelea. Tuone."

Salimu alikwenda nyuma, akarudi na buku kubwa lililoliwa pembe na mende. Juu ya ukurasa palikuwa na kichwa cha Kizungu, na karani akamfasiria: kupokea nishani za vita, basi, hakuna lingine. Hakuna matuta wala shamba la mtu. Maskini wale wanaume! Waliogopa kitabu kisicho na hatia.

"Haya, kilima chenu. Majina saba, madole saba. Huyu hapa wako, namba inalingana. Amepokea."

Efrazia aliinama. Dole la kwanza lilikuwa na mstari mweupe uliolikata mshazari, toka juu mpaka chini. La pili hivyo hivyo, na la tatu, mpaka la saba. Na mstari huo aliuona asubuhi ile ile, kwenye dole lililokandamiza ugali. Kila mtu kijijini anajua Silvano alijikata kwa mundu akiwa kijana.

"Loo! Mwanangu, hiki ni kidole kimoja."

"Kipi?"

"Vyote saba. Ni cha Silvano. Yeye ndiye alikuwa jumbe. Amewawekea wote, nishani akazichukua."

Salimu alitazama. Efrazia alimwona akiona. Macho yake yalikwenda dole hadi dole, yakafika la saba, yakarudi. Kisha alitazama mlangoni, akalifunga buku pasipo kelele.

"Mama, safari imekuchosha macho."

"Macho yangu huchagua maharage usiku kwa mwanga wa makaa. Hayajachoka."

Karani alishusha sauti. "Basi tuseme ni chake. Unataka kumshtaki? Sawa, andika malalamiko. Malalamiko ya mwanakijiji yanapitia kwa nani? Kwa mwenyekiti wa kijiji. Yakitoka kwake, kama yatatoka, yanakwenda kwenye kamati, na yeye ni mjumbe. Mimi sikutanii, mama. Ndivyo ilivyo."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

"Haki ipo. Fomu hii hapa."

Fomu ilikuwa na visanduku viwili. Kimoja kilisema: Alipokea, anazo. Cha pili: Alipokea, amepoteza. Efrazia aliigeuza nyuma, nyuma palikuwa peupe.

"Na asiyepokea anawekwa wapi?"

"Hana mahali. Waliochapisha hawakufikiri kuna mtu atakataa cha bure." Salimu alitazama saa. "Sikiliza. Ukisema hakupokea, kitabu chetu kinakukanusha, kitabu chake kinabaki kitupu, na jina haliingii. Ukisema amepoteza, nasahihisha sasa hivi, naandika Nyota ya Burma na Medali ya Vita, napiga muhuri, jina linakwenda Tanga. Nafunga saa sita."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Efrazia alisimama pale na hasira ikimpanda mpaka masikioni. Kikulacho ki nguoni mwako, na chao kilikuwa kinawapigia mihuri! Alitaka kulitupa buku dirishani. Alitaka kupiga yowe mji mzima usikie. Akamwona mumewe kwenye utelezi, mikono nyuma, akijisukuma, akiangalia kwanza kama kuna mtu njiani.

"Lete kalamu," alisema.

Aliandika jina lake herufi moja moja, kwenye mstari wa mwakilishi, chini ya kisanduku cha pili. Salimu alijaza ukurasa mweupe kwa mwandiko mzuri sana, akapiga muhuri, akaupuliza ukauke. Plamzi aliziacha Efrazia mwenyewe, zote na kapu, kwa kusahau. Karani hakumwita.

Njia nzima ya kupanda alitunga maneno. Angesema wamesahihisha vizuri. Angesema wameandika alizikataa. Kornelio hakusoma, nani angemwambia? Alipofika, jua likielekea kuzama, mumewe alikuwa ukumbini akipukuchua mahindi, magongo yameegemezwa ukutani.

"Wameandika nini?" aliuliza hata kabla ya kumpa pole ya safari.

Uongo wote alioutunga njiani akauacha pale pale.

"Wameandika ulipokea, Baba Yudith. Halafu ukapoteza." Akakaa chini, akaeleza yote: bahasha ya ugali, madole saba, kovu la Silvano, fomu ya visanduku viwili. "Nimetia sahihi mimi. Nilaumu mimi."

Alingoja. Alimjua mumewe, kwa neno dogo kuliko hilo aliwahi kumrushia balozi wa nyumba kumi gongo. Kornelio alilishika gunzi kwa mikono miwili. Aliangalia upande wa nyumba ya Silvano, ambako moshi wa jikoni ulikuwa unapanda, na shingo yake ikavimba mishipa. Efrazia akajisogeza mbele ya magongo ili mumewe asiyafikie.

Mishipa ilitulia yenyewe. Kornelio aliliweka gunzi chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akauliza kwa sauti ya chini, sauti ile ambayo watu huitumia kwenye dirisha la karani:

"Na mguu wenyewe, wamesema lini?"

"Wamesema tutaitwa."