Kila Nikihifadhi, Mzee Anakufa

Bwana Wakhisi alinichukua kwa majaribio kwenye duka lake la uchapishaji hapa Otonglo, na hakunificha kitu. "Selpha, programu ya ibada ya Mzee Ondiek ikitoka safi, kiti ni chako. Ikiharibika, namwita yule mwingine." Yule mwingine aliyeomba kazi hii hana mtoto. Mimi nina Hawi, anayeota meno, na sijui duka lingine ambapo mtoto analala kwenye katoni ya karatasi chini ya meza.

Mzee Ondiek wa Kisian alikuwa amelazwa hospitali, akapona, na familia ikataka ibada ya shukrani. Nikafanya vile sote hufanya katika kazi hii: nikachukua faili ya matanga ya juzi, nikatoa nakala, nikabadilisha maneno. Kwetu matanga ndiyo hupata programu nzuri. Harusi watu hujikaza tu.

Sasa, edita ninayoandikia kwenye kompyuta, ile niliyofunzwa kwenye masomo ya jioni, unaweza kuifunza tabia. Hata faili moja inaweza kuwa na tabia zake peke yake, zimeandikwa mwishoni kabisa, mahali ambapo hapachapwi. Ukiifungua, edita inauliza, "Hii ina mipangilio yake. Niifuate?" Siku moja Hawi akilia nilibonyeza, "Ndiyo, na usiniulize tena." Ikatii.

Siku ya kuja kuchukua kazi yao, Mzee Ondiek alikuja mwenyewe na binti yake Caren. Nikampa nakala ya kwanza, bado ina joto la printa. Akasoma, akanitazama juu ya miwani.

"Nyathina, mwanangu, mimi ni nani?"

"Mzee Ondiek, Baba."

"Niko wapi?"

"Si uko hapa dukani."

"Haya, soma."

Nikasoma, sauti ikififia. "Ibada ya Shukrani ya Marehemu Mzee Ondiek."

"Uuuwi!" Caren akanyakua karatasi. "Na sala ya kufungua inaongozwa na Marehemu Mzee wa Kanisa Ogola! Ogola tumemwacha nyumbani akinywa chai!"

"Basi tuko wawili," akasema Mzee. "Njiani sitaboeka."

Bwana Wakhisi alitokea nyuma ya duka. Nikafuta "Marehemu" haraka, nikahifadhi. Likarudi machoni petu.

"Ameniua tena," Mzee akasema, akivuta kiti akae vizuri.

Nikafuta, nikahifadhi. Likarudi.

"Hospitali nzima imeshindwa kuniua. Huyu anatumia kidole kimoja!"

"Selpha," Bwana Wakhisi akasema polepole, "hiyo kompyuta imelogwa?"

Hawi aliamka, Caren akambeba. Mimi nikajiambia, mashine haijifunzi yenyewe, kuna mtu aliyeituma. Nikashuka hadi mwisho wa faili. Huyo mtu alikuwa mimi. Familia moja iliwahi kunigombeza kwa kusahau "Marehemu", kwa hivyo kwenye faili ya matanga niliagiza: kila nikihifadhi, palipo "Mzee" litangulie "Marehemu". Nilipotoa nakala, agizo likaja nayo, na edita haikuniuliza.

Nikaifuta ile mistari, nikaifunga faili, nikaifungua upya. Nikaondoa "Marehemu" kote, nikahifadhi. Sote tukasubiri. Mzee alizuia pumzi, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo.

Alibaki hai.

"Hifadhi tena," akasema.

Nikahifadhi. Hai.

"Tena, mama. Nihakikishe."

Hai. Ogola pia.

Walipokuwa wakitoka na programu zao, Mzee aligeuka. "Ile faili ya matanga bado ina tabia yake?"

"Bado, Baba."

"Iache hivyo. Iko siku itanifaa. Lakini usiharakishe."

Bwana Wakhisi alibaki akiitazama ile nakala ya kwanza. "Nilisema ikiharibika?"

"Utamwita yule mwingine."

"Yule mwingine angefuta hilo neno mpaka Krismasi." Akaikunja, akaitia mfukoni. "Kuna harusi Asembo Bay. Uanze na faili tupu kabisa. Tupu, Selpha!"

Nikafungua faili tupu papo hapo, kwenye kiti changu, Hawi mapajani akijaribu kuitafuna kibodi.