Joto la Ukutani

Mshonaji alikuwa amepiga magoti nyuma ya jiko la kuni, mkono wa kulia umezama ndani ya dohani, bomba la kutolea moshi, mpaka kwapani, akisukuma brashi ya waya juu na kuivuta chini. Masizi yalimwagika kwenye ndoo ya bati kama siku zote, laini kama poda, mpaka brashi ilipofika juu kidogo ya kimo cha jiko. Hapo ikakwaruza kitu kigumu. Alipoivuta, kilichoanguka hakikuwa masizi. Vilikuwa vipande vyeusi vinavyong'aa, vimeumuka na kujaa matundu kama mkate ulioungua.

Mshonaji huyu hakufundishwa na mtu kusafisha dohani. Alijifunza mwenyewe tangu alipoolewa katika nyumba hii, kwa kuuliza na kwa kuchafuka. Lami ya moshi iliyoganda aliijua. Huwa hivyo kuni zikiwa mbichi. Lami iliyoumuka hakuwahi kuiona, ila muuza majiko alikwisha kumwambia: ukiikuta hiyo, ujue moto ulipanda ukawaka ndani ya dohani yenyewe.

"Baba," aliita taratibu.

"Naam." Baba mkwe alikuwa chumba cha pili, amejilaza. Kitanda chake kiliegemezwa kwenye ukuta wa mbao ambao dohani ilipita ndani yake, apate joto la mgongo.

"Asubuhi nilipokwenda kupeleka nguo za watu, uliwasha jiko?"

"Niliwasha. Mtu nimekusaidia kazi, unaniuliza kwa sauti ya hakimu."

"Kazi gani, baba?"

"Si ulisema leo unasafisha dohani? Nikaona nisikuache uvunjike kiuno. Nikajaza kuni kavu, nikafungua hewa yote. Ikanguruma, mwanangu. Ungedhani tunapanda mlima. Garimoshi letu tulikuwa tunalisafisha hivyo hivyo, tunaunguza uchafu wote mara moja."

Miaka thelathini mzee huyu alikuwa mchochea moto wa garimoshi, na mambo ya moto hakuna aliyebishana naye nyumbani. Lakini bomba la garimoshi lilikuwa chuma tupu, linapigwa na upepo pande zote. Halikuvaa ukuta wa mbao.

"Ilinguruma muda gani?"

"Kitambo. Mpaka ikachoka yenyewe."

Mshonaji alisimama. Aliweka kiganja juu ya jiko. Lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Aliporudi saa tatu asubuhi hapakuwa na moto, na sasa ilikuwa inakaribia saa tisa alasiri. Akaingia chumbani kwa mzee, akanyoosha mkono juu ya mto wake, akagusa mbao kwa upande wa nyuma wa vidole, kama anavyojaribu pasi.

Zilikuwa na joto.

Akasogeza mkono upande wa dirisha. Baridi. Akaurudisha juu ya mto. Joto, tena joto la kuzidi kadiri alivyopanda juu. Jiko limepoa tangu asubuhi, ukuta haujapoa. Alijilazimisha kusema polepole.

"Baba, inuka tutoke nje."

"Nje nikafanye nini na miguu hii?"

"Ukutani mna moto."

Mzee akacheka. "Moto gani huo usio na moshi?" Kisha naye akapandisha kiganja, akakibandika kwenye mbao. Kicheko kilimkauka. Akaanza kupapasa viatu vyake chini ya kitanda, na hilo ndilo lililomtisha mshonaji kuliko ule ukuta, maana mzee huyu hakuwahi kutii jambo kwa kuambiwa mara moja.

Alimkokota mpaka uani, akamkalisha kwenye kiti, akapiga simu zimamoto. Wakamwambia afunge milango na madirisha, na mtu asiguse ukuta. Jirani yao seremala aliposikia, alikuja mbio na shoka.

"Nipisheni. Ubao mmoja tu nautoa, tunamwaga maji, kwisha."

"Weka shoka chini," mzee alisema.

"Mzee, tukae tutazame nyumba inateketea?"

"Tutazame. Moto huo umelala kwa kukosa hewa. Ukiutobolea tundu, unaamka, na wa kwanza kuamkiana nao ni wewe na hizo ndevu."

Seremala alimtazama mshonaji. Mshonaji alitikisa kichwa kukataa. Shoka likashushwa.

Wakangoja. Uzi mwembamba wa moshi ulianza kutoka chini ya paa, ukakatika, ukatoka tena. Mshonaji aliutazama bila kupepesa. Saa hizi kila siku mzee huwa amelala fofofo, mgongo ukutani, na yeye mwenyewe humfungia mlango asisumbuliwe na cherehani. Wazo hilo lilimjia, akalisukuma mbali, likarudi. Alishika mgongo wa kiti cha mzee kwa mikono miwili.

Zimamoto walipofika, walitandaza mpira wa maji kwanza, ndipo wakabandua ubao kwa utaratibu. Nguzo ya ndani ilikuwa imegeuka mkaa, na ndani ya mkaa kulikuwa na wekundu unaopumua. Maji yakaufikia. Ukuta ukafoka mvuke.

Mkuu wao, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alipima joto mara tatu kabla ya kuridhika. "Jiko lisiwashwe mpaka fundi wa dohani aikague yote. Chini umesafisha. Juu bado kumejaa."

Walipoondoka, mzee alikuwa bado kitini.

"Nilitaka kukupunguzia kazi, mwanangu."

"Umeniongezea, baba."

"Najua." Akakohoa. "Kesho fundi akija, nitashika ngazi."

"Kesho utakaa hapo hapo utuambie moto ulipita wapi. Ngazi nitashika mimi."

Kitanda cha mzee walikihamishia ukumbini, karibu na mlango. Kisha mshonaji akakumbuka kwamba mumewe akirudi kutoka kazini, hata koti hajavua, hushika kiberiti. Akachukua chaki yake ya kukatia nguo. Akaandika kwa herufi kubwa juu ya mlango mweusi wa jiko: USIWASHE. DOHANI NUSU BADO.