Meza Iliyonasa Nzi

"Meza ikishapita mkononi mwangu, nzi akitua anateleza na kuvunjika kiuno," Bingwa aliitangazia karakana nzima. Jina la Bingwa alijipa mwenyewe. Wenzake walimwita hivyo ili wapumzike na kelele zake.

Meza yenyewe ilikuwa ya mama yake. Marehemu baba, naye seremala, alizoea kuchongea penseli kwenye kona moja, na kisu kikaacha mapengo sita ukingoni. Macho ya mama yalipofifia, vidole vyake viliyajua mapengo hayo: hapo ndipo pake pa kukaa.

"Ipake mafuta tu, mwanangu, imekauka. Ila kona ya baba yako usiiguse."

"Mama, mimi si mwanafunzi."

Kila fundi anajua mafuta ya kitani hupakwa membamba, yakaachwa robo saa mbao iyanywe, kisha yanayobaki hufutwa mpaka tambara litoke kavu. Bingwa aliona kufuta ni kutupa mali. Akapiga mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, siku moja, mafuta yakasimama juu ya mbao kama uji, akaondoka akipiga mluzi.

Asubuhi nzi alikuwa ametua. Hakuteleza. Alinasa miguu yote, na wenzake wanne pembeni, kama waliokuja kumzika wakazikwa naye.

"Bingwa," fundi cherehani wa mlango wa pili alimwita dirishani, pini mdomoni, "hiyo meza au mtego?"

"Inapumua, dada. Wewe shona."

Dawa aliijua: tapentaini, tambara, na subira ya siku mbili. Lakini mama alikuwa anakuja alasiri, na kukiri mbele ya karakana kungemuuma kuliko jino. Akawasha mashine ya msasa. Ulimbo ule wa mafuta ukaziba msasa, akabadilisha, akakandamiza. Alipozima, meza ilikuwa nyeupe, na kona imeviringika kama goti la mtoto. Akapitisha kidole. Hakuna pengo hata moja.

Akakaa chini, kwenye vumbi ambalo asubuhi lilikuwa kona ya baba yake. La kuvunda halina ubani, ila Bingwa alikuwa na kisu.

Mama aliingia akipapasa ukuta. Akaishika kona, polepole, akihesabu.

"Sita."

Bingwa akashusha pumzi. "Si nilikuambia? Sijaigusa."

Vidole vikarudi. "Mbona yana makali? Ya baba yako nilishayalainisha kwa mkono huu."

"Ni mafuta, mama. Yanaamsha mbao."

Mama akageuzia uso dirishani, ambako cherehani ilikuwa kimya kitambo.

"Jirani, wewe macho unayo. Kona hii imeguswa?"

Fundi cherehani akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Akamtazama Bingwa, halafu kisu.

"Mama, amemaliza kuyachonga sasa hivi. La sita lilikuwa bado linamwaga unga wa mbao wewe ulipotokea mlangoni."