Inchi Tatu za Tumbo

Alhamisi, tarehe tisa Mei. Asubuhi hiyo ilikuwa ya rasharasha, mvua ile isiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu. Madirisha ya karakana ya ushonaji yalikuwa yamefungwa, na maneno yaliyosemwa ndani yalikosa pa kutokea.

Saa nne, Bibi wa Pasi aliisimamisha pasi yake, akavaa miwani. Katika karakana ile chai ilikwenda na kitabu, na msomaji alikuwa yeye. Mafundi wakaweka vikombe juu ya meza za cherehani. Riwaya yenyewe ilikuwa ya zamani, kurasa zimegeuka rangi ya majani makavu, na walikuwa wamefika pale binti anapofukuzwa na babake kwa ajili ya barua ambayo hakuiandika.

"'Nenda,'" akasoma Bibi wa Pasi, "'na jina langu uliache hapo mlangoni.'"

"Jamani, mtoto wa watu!" akalia Redio, fundi wa cherehani ya kwanza, akijifuta machozi kwa kipande cha bitana. Jina hilo la Redio alipewa kwa sababu hakuwa na swichi. "Si wangemuuliza tu? Mtu mmoja tu angeuliza!"

Wengine wakapenga kamasi. Mkata vitambaa, mwanamume pekee mle ndani, akajifanya anatafuta chaki chini ya meza.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Akatoka binti mtia vifungo, mkono mmoja shavuni, na Bosi nyuma yake.

"Mpaka saa sita," alisema Bosi. "Nataka karatasi ya daktari inayosema huna mimba. Bila hiyo usirudi. Hapa tunashona sare za shule, mwanangu. Nina jina la kulinda."

"Na langu, Mama?"

Mafundi waliokuwa wakimlilia binti wa kitabuni wakainamisha vichwa kwenye vikombe, na Bibi wa Pasi akaona wawili wakifinyana.

Yote yalianza Jumatatu. Binti alikuwa ametoka kwenda kununua uzi, koti lake la kazi likibaki msumarini. Mkata vitambaa akabandika karatasi juu ya koti hilo kwa pini, kama anavyombandikia kazi kila fundi asiyekuwepo: MTIA VIFUNGO. TUMBO, ONGEZA INCHI TATU. Ndivyo karatasi za pale zinavyoandikwa. Mbele huandikwa fundi na kazi yake. Mwenye nguo huandikwa nyuma. Redio ndiye aliyeiona kwanza, akacheka hadi akaegemea ukuta. "Mnaona? Anajipanulia koti! Ndiyo maana hata chai hanywi siku hizi." Kufika Jumatano mimba ilikuwa na miezi minne, na baba yake alikuwa ameshatajwa mara tatu, kila mara mtu mwingine.

Bibi wa Pasi alikuwepo Jumatatu ile. Aliisoma karatasi pande zote mbili, akajua. Akajiambia, yangu macho. Nyumbani akapiga magoti akamwombea yule binti, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Kumwombea kulikuwa rahisi. Mungu hakumtaka aseme mbele ya watu.

"Siendi kwa daktari," alisema binti. Hakuishusha sauti. "Nina jino bovu, ndiyo maana sinywi chai ya moto. Mwenye kunituhumu ndiye alete karatasi. Tangu jana shangazi yangu haitikii salamu yangu. Jana, Mama! Nimemkosea nini?"

"Lisemwalo lipo," akasema Redio polepole, akikoroga chai isiyo na sukari. "Na kama halipo, laja."

Bibi wa Pasi akakifunga kitabu kwa kishindo, kikombe kikaruka.

"Laja kwa sababu unalipika wewe!" Akaenda msumarini. Karatasi ilikuwa bado kotini, siku ya nne, maana binti alikuwa hajaligusa koti wala karatasi yake tangu aliposikia linavyosemwa. Akaing'oa na pini yake. "Redio, umefanya kazi hapa miaka mingapi?"

"Kumi na moja. Kwani vipi?"

"Mwenye nguo huandikwa wapi?"

Redio akaendelea kukoroga chai.

"Nimekuuliza. Miaka kumi na moja. Wapi?"

"Nyuma," akasema Redio, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge.

Bibi wa Pasi akaigeuza karatasi, akaisoma kwa sauti ileile ya riwaya: "'Gauni la Mwalimu Mkuu.'"

Mtu mmoja akacheka, akajuta. Mkata vitambaa akajikuna kichwa. "Mimi nilishangaa mbona gauni halijaguswa," alisema. "Mwalimu Mkuu kanenepa, basi. Mngeniuliza."

"Tulijua wote," alisema Bibi wa Pasi. "Hakuna hapa asiyejua kuisoma karatasi hii. Tuliona utamu kuisoma upande mmoja. Tunamlilia binti wa kalamu na wino, huyu mwenye damu na jino linalomuuma tunampaka matope!"

Bosi aliipokea karatasi, akaitazama mbele na nyuma. Uso ulimwiva. "Rudi kwenye kazi yako, mwanangu," alisema. "Nisamehe."

"Kazini nitarudi," alisema binti. "Nyumbani nitarudi na nini? Shangazi hataamini karatasi ya gauni. Atasema mmenionea huruma."

Redio alikuwa akikunja kile kipande cha bitana, akikikunjua, akikikunja tena. Bibi wa Pasi alijua shangazi atauliza swali moja: wewe ulijua lini?

Akavua miwani. Akamshika binti mkono, akageukia chumba kizima.

"Bosi, sikia. Redio, nawe sikia, na ninyi nyote muwe mashahidi, na Mungu yupo. Leo jioni, kabla sijafika kwangu, nitakwenda kwa shangazi wa mtoto huyu. Nitamwambia mbele ya majirani zake kwamba ni uongo, kwamba nilijua ni uongo tangu Jumatatu, na kwamba nilinyamaza. Naahidi."