Mpira wa Kuminya

Tundu moja la pua lilikuwa limeziba muda mrefu, na fundi cherehani akashikilia kwamba ni mafua. Mafua ya upande mmoja! Hata damu ilipoanza kutoka alimwambia binti yake kwenye simu, "Mafua tu, mwanangu." Binti alikuwa ng'ambo na watoto wadogo, na mzee huyu hakuzoea kumsumbua mtu.

Daktari hakuzunguka mbuyu: ni saratani ndani ya mifupa ya uso, kando ya pua, ya aina adimu na inayokwenda mbio. Ilibaki picha ya kuonyesha kama imepenya kwenye jicho la kulia. Ikiwa imepenya, jicho litaondolewa pamoja nayo, kisha ifuate mionzi.

"Siku ya majibu uje na mtu wako," daktari alisema. Fundi akaitikia vizuri tu, kama vile watu wake wamejaa barazani.

Kwenye chumba cha picha, dada mpiga picha alimlaza, akamfunika uso kwa kitu mfano wa kikapu, akamtia mpira kiganjani.

"Ukizidiwa, mzee wangu, minya. Ila usitikisike, picha itaharibika."

Akatoka, mlango ukafungwa, mashine ikaanza kugonga. Kukaa kimya fundi hakuwa na mpinzani. Tangu mkewe afariki hakufanya kazi nyingine jioni. Lakini humo ndani akajiuliza, nikikata roho sasa hivi, apigiwe nani? Akaminya.

Kelele zikakatika. "Mzee! Unaumwa?" dada akauliza kwenye spika.

"Hapana. Nilitaka kujua kama upo."

Dada akalainisha sauti. "Nipo, baba. Tunaanza upya."

Safari hii picha zilitoka safi, na siku ya majibu daktari alizisoma bila kusita: imepenya. Kisha akakiangalia kiti kitupu kando ya fundi.

"Mtu wako yuko wapi?"

Fundi alitoka hadi ukumbini, akapiga simu. Binti alipokea huku watoto wakipiga kelele nyuma yake.

"Shikamoo, baba! Mafua yamepona?"

Hata marahaba ilimshinda.

"Baba? Upo?"

"Nipo," akasema, na machozi yakamtoka kwa macho yote mawili. "Siyo mafua, mwanangu. Njoo."