Maji ya Birika

"Utasema bado," Mwalimu Ephantus alisema. "Padre atauliza, 'Mtoto huyu amebatizwa ama bado?' Wewe na Obura mtajibu, bado. Neno moja tu, mama. Padre anamwaga maji yake, mambo yamekwisha, tunakunywa chai."

Nekoye alikuwa akikamua nepi mlangoni pa chumba chao, kule landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Aliikamua mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Na yale maji yangu?"

"Yale yalikuwa maji ya chai, mama. Hayana kitu."

Obura, mumewe, alicheka kile kicheko cha mtu anayetaka watu wapatane nyumbani kwake. Alikuwa faiaman wa gari la moshi, mchochea moto wa injini, mikono yake haitakati hata kwa sabuni ya kipande, na kanisani alimwogopa Mwalimu Ephantus kuliko alivyomwogopa dereva wake kazini. Mwalimu ndiye aliyefundisha darasa la ubatizo katika kanisa lao la mawe. Yeye ndiye aliyesema nani aingie na nani angoje nje.

Lakini yale hayakuwa maji ya chai.

Ilikuwa mwezi wa saba, Obura yuko safarini na gari la mizigo la Kisumu, mtoto wao Awuor akashikwa na kichomi. Alasiri hiyo mvua ya mawe iliyapiga mabati ya landhi kama watu waliomfumania mwizi. Barabara ya kwenda hospitali ikawa mto. Mtoto alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, halafu akaacha kupanda. Midomo ikageuka rangi ya wino. Jirani yao Chepkosgei alikuwa ameishika miguu yake midogo akiisugua na kumwita kwa Kikipsigis, na Nekoye, katikati ya makelele yale ya mabati, akamkumbuka mama mkwe wake.

Mama yule alizika watoto wawili nje ya ua wa makaburi ya kanisa, kwa sababu walikufa kabla ya kupata maji. Mpaka leo akipita pale hufunika uso kwa kitambaa. Obura alimsimulia Nekoye habari hiyo kabla hawajaoana, na ndiyo siku pekee aliyowahi kumwona akilia.

Basi Nekoye alinyakua birika lililokuwa limepoa kando ya jiko, akammiminia mtoto kichwani mara tatu. "Damari Awuor, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Damari ni jina la yule mama mkwe.

Mtoto akashtuka, akalia. Chepkosgei alisema ni baridi ya maji iliyomzindua, na Nekoye hakubishana naye. Mvua ilipokatika walikimbia naye hospitali, matope mpaka magotini, akapigwa sindano, akapona.

Sasa sikia ajabu yake. Kwao Nekoye hawabatizi kwa maji hata kidogo. Alizaliwa kule Lugulu, katika kanisa la Marafiki, watu wanaosema Roho ndiye anayebatiza na wala hahitaji ndoo. Mama yake, Rasoa, alikuwa mwanamke wa kwanza wa mlima wao kumfuata Kristo. Alipokataa kupika pombe ya matanga, kaka zake walimvunjia vyungu vyote na kumfukuza na mtoto mgongoni. Rasoa huyo aliomba asubuhi na jioni maisha yake yote, na hakumwagiwa tone la maji la mchungaji yeyote mpaka siku alipooshwa maiti. Kwa hiyo Nekoye aliposhika lile birika, alikuwa amekwenda kinyume cha mama yake mzazi, kwa kumpenda mume na kumhurumia mama wa mume.

Na shukrani yake ndiyo hii. Obura alipomweleza Mwalimu habari ile kwa majivuno, Mwalimu akakunja uso. Mtu asiyebatizwa hawezi kubatiza, alisema; chungu kitupu hakimimini. Mtoto arudiwe. Na mama yake, kwa kuwa bado ni mpagani, aingie darasa la wasikilizaji pamoja na wale vijana waliotoka juzi mashambani, na siku yake ikifika asimame mbele ya watu aukane upagani wake.

"Upagani upi, Mwalimu?" Nekoye aliitupa nepi kwenye karai. "Niambie nikaukane. Niukane ule wa mama kuvunjiwa vyungu?"

"Sikusema mama yako alikuwa mtu mbaya."

"Umesema alikuwa mpagani! Wazungu wa misheni walikaa mezani wakagawana milima yetu kama watu wanaogawana ng'ombe. Hawa wakachukua mguu, wale mbavu. Mama angezaliwa upande wa Butere, angekuwa wa kwenu, na leo ungemwita mama mtakatifu. Na hao Marafiki, kwao Uingereza, walitiwa jela na kanisa la mfalme, mama wa hili lenu, kwa kukaa kimya tu wakiomba. Leo mmeuleta ugomvi wao mpaka kwa karai langu la nepi?"

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Darasa la jioni. Tunasoma habari za kanisa tangu mwanzo. Kule Karthago, Afrika hii hii upande wa kaskazini, maaskofu walivutana juu ya jambo lako hili hili: aliyebatizwa na watu wa nje arudiwe au asirudiwe? Mwishowe kanisa likasema asirudiwe. Maji yakiwa maji, na Jina likiwa ndilo, inatosha."

"Karthago!" Mwalimu Ephantus alimgeukia Obura. "Hiyo ni stesheni gani, bwana? Iko kabla ya Molo ama baada?"

Obura akacheka. Safari hii alicheka kwa moyo wote, na Nekoye alisikia kicheko kile kikimwingia kifuani kama kichomi.

Mwalimu alipoondoka, alijipapasa mfuko wa shati kuona kama pasi yake bado imo. Huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwashuku Wagikuyu wote, na yeye akiwa Mgikuyu alisimamishwa kila kona na askari akitakiwa aeleze yeye ni nani. Siku nyingine Nekoye angemhurumia. Siku hiyo alisema moyoni: mtu anayeulizwa kutwa nzima huwa hakosi wa kumuuliza naye.

"Umecheka, Baba Awuor."

"Nilicheka stesheni."

"Mtoto wako alikuwa anakufa mkononi mwangu. Hukuwepo. Mwalimu hakuwepo. Nilikuwepo mimi na birika. Sasa nisimame mbele ya Mungu niseme siku ile nilikuwa napika chai?"

Obura alikaa kwenye kisanduku chake cha vyombo vya kazi. "Krismasi tunakwenda nyumbani. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Nimpelekee mtoto gani?"

"Mpelekee niliyembatiza."

"Ni neno moja tu, Nekoye."

"Hata Petro alianza na neno moja. Jogoo akawika."

Hawakusemezana tena mpaka Jumapili.

Kanisa lilijaa. Padre alikuwa mzee aliyekuja mara moja kwa mwezi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni. Chepkosgei, ambaye hakuwa Mkristo wala hakuwa na haraka ya kuwa, alikuja pia kuona jirani zake watafanyiwa nini. Akasimama nje dirishani na kikapu chake cha mboga. Mwalimu Ephantus aliwapanga wazazi mbele, na alipofika kwa Nekoye akamnong'oneza, "Bado. Usisahau."

Padre akafungua kitabu. "Je, mtoto huyu amekwisha kubatizwa, ama bado?"

Obura akafungua mdomo. Nekoye aliiona ile "ba" ikijikusanya midomoni mwake.

"Amebatizwa," Nekoye alisema.

Mabenchi yalilia, watu wakigeuka. Mwalimu Ephantus akajisogeza. "Padre, samahani. Mama huyu amechanganyikiwa."

"Sikuchanganyikiwa. Nimekasirika. Hivyo ni vitu viwili."

Padre alimtazama juu ya miwani. Kisha akalowesha kidole, akafunua kurasa taratibu, mpaka akapata alichotaka. "Kuna maswali yake," alisema. "Nani alimbatiza?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Maji."

"Ya birika!" Mwalimu alidakia, na mtu mmoja nyuma akacheka.

"Yordani ilikuwa mbali," Nekoye alimjibu bila kugeuka.

"Kwa maneno gani?" Padre aliuliza.

Akayasema yote.

"Na nani alikuwepo?"

Kanisani mle hakuwemo shahidi hata mmoja. Obura alikuwa Kisumu. Mwalimu alikuwa ameanza kutabasamu.

"Mimi!" Sauti ilitoka dirishani. Chepkosgei alikuwa ameingiza kichwa na kikapu pamoja. "Mimi nilikuwepo, mzee! Nilishika miguu ya mtoto. Alimwaga mara tatu, hata mengine yakaniingia kwa viatu!"

Watu wakaangua kicheko. Padre alingoja kipungue.

"Wewe ni Mkristo, mama?"

"Hapana. Lakini nina macho."

"Padre!" Mwalimu Ephantus alisema. "Mpagani anamshuhudia mpagani?"

Obura, aliyekuwa amesimama kama nguzo ya simu, akanyoosha mikono. Akamtoa mtoto kifuani kwa mkewe, akamsogeza mbele ya Padre. "Anaitwa Damari," alisema. "Alishabatizwa."

Padre aliinama tena juu ya kitabu. "Kinauliza nani alikuwepo," alisema. "Hakiulizi zaidi ya hapo. Na mimi siwezi kumbatiza mtu mara mbili." Hakuyagusa maji. Alimchora mtoto msalaba kwenye paji la uso, akasema kanisa limempokea, akaendelea na mtoto mwingine.

Nekoye alidhani hasira ingemtoka pale. Haikutoka. Maana walipofika mlangoni, Mwalimu Ephantus alikuwa akiwangojea.

"Sawa. Mtoto ni Mkristo, Padre amesema. Lakini wewe bado, mama. Kesho saa kumi na moja, darasa la wasikilizaji. Utaanza mwanzo kama wengine."

Nekoye akautazama mkono wake wa kulia. Ubatizo uliotoka katika mkono huu umekubaliwa; mwenye mkono ndiye hajakubaliwa. Na aliyemzaa, aliyelala Lugulu chini ya udongo mwekundu, hajakubaliwa pia. Maziwa yamenywewa, ng'ombe amefungiwa nje.

"Kesho saa kumi na moja nina darasa langu, Mwalimu."

"Lipi hilo?"

"La ile stesheni yako. Karthago. Njoo, benchi lina nafasi. Na siku ukiwa tayari kumwita mama yangu Mkristo mbele ya watu, hiyo siku nitakuja kwa lako."

Akashuka ngazi. Obura alimfuata na mtoto kifuani, amevaa koti lake la Jumapili, na njia nzima mpaka landhi watu walimkodolea macho mwanamume anayebeba mtoto na mkewe anatembea mikono mitupu. Chepkosgei alikuwa nyuma yao akicheka peke yake. Obura hakumrudisha mtoto.

Nyumbani Nekoye akajaza maji birika lile lile, akaliweka jikoni. Wageni wangefika sasa hivi, na Mwalimu Ephantus hakuwahi kukosa chai ya ubatizo hata mara moja. Aliipenda yenye sukari nyingi. Angempa. Angemmiminia mwenyewe, kikombe kijae.